Ubao, Kamba na Mkokoto: Maneno ya Kumfunza Mwanagenzi Mchezo wa Kukokotwa Majini

Kazi ya kutafsiri maelezo ya michezo hudharauliwa na wengi wetu. Mfasiri aliyekwisha kushughulikia miswada ya sheria au vitabu vya elimu ya afya huona kuwa mchezo ni jambo dogo, lisilostahili kikao cha kusanifisha wala jopo la wataalamu. Mwandishi wa makala haya alikuwa na fikra hiyo hiyo hata siku alipoletewa kijitabu cha kurasa kumi na mbili, kilichokusudiwa kuwafunza watu wanaoanza mchezo wa kusimama juu ya ubao mmoja huku wakivutwa na boti. Kijitabu kilikuwa kimekwisha kutafsiriwa. Kazi iliyotakiwa ilikuwa kusahihisha tu. Katika ukurasa wa kwanza mchezo wenyewe uliitwa "ubao wa kuamka".

Chanzo cha kosa hilo kilikuwa wazi. Katika Kiingereza, jina la ile alama ya maji inayoachwa nyuma ya chombo na neno la kuamka usingizini yana umbo moja, na mfasiri alichukua maana aliyoizoea. Kosa hilo lilituchekesha, likafutwa. Lakini katika ukurasa wa nne palikuwa na kosa lisilochekesha hata kidogo. Mwanagenzi aliagizwa "avute kamba kwa nguvu zake zote mara boti inapoondoka". Hakuna neno hata moja katika sentensi hiyo lisilo la Kiswahili sanifu, wala hakuna upatanisho uliokosewa. Hata hivyo, mtu akiifuata hataibuka majini kamwe. Atajivuta juu ya ubao kabla ya wakati, ubao utapiga mbizi, naye ataanguka kifudifudi maji yakimpiga usoni, tena na tena, mpaka mikono iishe nguvu au bega liteguke.

Makala haya yanakusudia kueleza misingi ya mchezo huo kwa msomaji asiyepata kuuona, na hapo hapo kupendekeza maneno ya kuufundishia. Mambo haya mawili hayatenganiki, maana mtu asiyejua jinsi ubao unavyoinuka majini hawezi kuchagua kitenzi cha kumwambia mwingine auinue.

Asili ya mchezo

Mchezo huu ni mtoto wa mchezo mkongwe zaidi, ule wa kuteleza juu ya maji kwa mbao mbili nyembamba. Huo ulianzishwa na kijana wa Kimarekani, Ralph Samuelson, katika Ziwa Pepin, jimbo la Minnesota, mwaka 1922. Baada ya miaka mingi, wapanda mawimbi wa California walitafuta namna ya kuutumia ubao wao siku ambazo bahari haina mawimbi. Mwaka 1985 Tony Finn, mpanda mawimbi wa San Diego, alitoa ubao mfupi wa kuvutwa na boti aliouita Skurfer, na muda si mrefu ukatiwa kanda za kushikia miguu. Mwaka 1990 ukatokea ubao wa Hyperlite, kazi ya Herb O'Brien, uliokuwa mwembamba na mzito kiasi cha kuweza kuzamishwa kwa urahisi. Badiliko hilo ndilo lililoufungulia mchezo mlango kwa watu wa kawaida, kwa sababu ubao unaoelea mno humshinda mwanagenzi kabla hata boti haijaondoka: humponyoka chini ya miguu kama chupa tupu. Mwaka 2001 mchezo ulikuwamo katika Michezo ya Dunia iliyofanyika Akita, Japani.

Iko pia njia ya kucheza bila boti. Mjerumani Bruno Rixen aliunda mitambo ya nyaya, kuanzia miaka ya 1960, ambayo huzungusha kebo juu ya nguzo kulizunguka ziwa dogo na kumvuta mchezaji. Kwa kuwa mvuto hutoka juu, mchezaji huinuliwa kwa wepesi zaidi. Lakini mtambo huenda kwa mwendo wake wenyewe, wala hautamsubiri mtu anayesitasita.

Jina la kile kiachwacho nyuma ya chombo

Swali la kwanza la istilahi ni jina la ile alama ya maji. Waswahili wamesafiri baharini karne nyingi, nao wana maneno ya omo na tezi, ya demani na joshi, ya mkuku na foromali. Ingekuwa ajabu kama wasingekuwa na la kusema juu ya maji yanayobaki nyuma ya jahazi. Wengi hutumia "mkondo wa chombo", na maneno hayo yanafahamika. Ubaya ni kwamba "mkondo" peke yake, kwa mtu wa pwani au wa mtoni, ni maji yanayokwenda, maji yanayoweza kumchukua mwogeleaji asirudi. Zaidi ya hayo neno limekwisha kubebeshwa mizigo mingine: kuna mkondo wa umeme, na shuleni kuna mikondo ya madarasa. Katika kitabu cha fasihi "mkondo wa chombo" utatosha. Katika maelezo ya usalama, ambamo mwalimu atalifupisha neno kwa vyovyote vile, agizo la "ingia katika mkondo" litamtia hofu mwanafunzi mwenye akili, na litampoteza yule asiyefikiri.

Wako waliopendekeza "wimbi la tezi". Ni usemi mzuri wa kibaharia, lakini vijana wengi wa leo hawaijui tezi nyingine ila ile ya mwilini, na mwalimu hatapenda kuanza somo lake kwa kicheko.

Pendekezo letu ni "mkokoto". Neno hili lipo katika lugha tangu zamani, kwa maana ya alama inayobaki mahali ambapo kitu kimekokotwa, kama vile gogo lililokokotwa mchangani. Boti nayo huacha alama ya namna hiyo juu ya maji. Lakini faida kubwa zaidi imo katika mzizi wake. Mchezaji *hukokotwa* na boti. Kamba ni *kamba ya kukokotea*. Maji anayoyapanda ni *mkokoto*. Na ubao wake ni *ubao wa mkokoto*. Mzizi mmoja unahudumia somo zima, na hakuna mtu wa mjini asiyeufahamu, kwa kuwa kila siku anapishana na mkokoteni barabarani. Imesemwa, na ni kweli, kwamba "kokota" lina harufu ya kitu kizito kinachokwenda polepole. Mwandishi anaikubali kasoro hiyo, ila haimtishi. Atakayekokotwa kwa kilomita 25 kwa saa atasahau mkokoteni upesi.

Neno la mkopo, "weikibodi", halina budi kuwapo, maana wachezaji watalitumia tupende tusipende. Lakini halimfundishi mtu kitu. Akishasikia "ubao wa mkokoto" amekwisha kuambiwa nusu ya habari.

Mkokoto una sehemu, na kila moja yataka jina. Katikati, nyuma kabisa ya boti, pana maji meupe yaliyochafuliwa na rafadha. Hilo ni *povu*. Kulia na kushoto huondoka mawimbi mawili yanayotanuka kama miguu ya kabari. Hayo ni *wimbi la kulia* na *wimbi la kushoto*, kwa mchezaji anayeitazama boti. Kati ya mawimbi hayo, nyuma ya povu, pana maji laini, nasi twaweza kuyaita *uwanja wa ndani*. Nje ya mawimbi ni *uwanja wa nje*. Mwaka 1887 mwanafizikia Lord Kelvin alionyesha kwa hesabu kwamba katika maji ya kina kirefu mawimbi ya chombo hujikusanya ndani ya kabari ya nyuzi 39 hivi, yaani nyuzi 19.5 kila upande, kiwe chombo kikubwa ama kidogo. Boti ziendazo kasi sana huonyesha kabari nyembamba zaidi. Mwanagenzi hahitaji hesabu hizo. Anachohitaji ni kujua kwamba siku ya kwanza makazi yake ni uwanja wa ndani.

Vifaa, na nguo mbili zisizolingana

Juu ya ubao hakuna mengi ya kusema. Huchaguliwa kwa uzito wa mchezaji, na kwa mtu mzima urefu wake aghalabu huwa kati ya sentimita 130 na 145. Chini una *mapezi*, jina lililotoka kwa samaki bila matata yoyote, ambayo huuzuia usiende mrama. Ukiutazama ubavuni umepinda kama ngalawa, omo na tezi zikiwa juu. Pindo hilo tuliite *mbinuko*. Mbinuko wa mfululizo mmoja humfaa anayeanza, kwa sababu ubao hugeuka kwa upole. Miguu huingia katika *viatu vya ubao*. Kamba iwe isiyorefuka inapokazwa, nayo mwishoni ina *kishikio*, si "mpini", maana mpini ni wa jembe. Kwa mwanagenzi kamba ya mita 15 hivi, au pungufu kidogo, inatosha. Kamba ndefu ni za mafundi wanaotafuta mahali ambapo wimbi limekomaa.

Mahali pa kusimama kidete ni katika nguo za kifuani. Katika maduka ya michezo huuzwa nguo mbili zinazofanana kwa macho. Moja ni *jaketi la kuokolea maisha*, lililopimwa na kuthibitishwa kwamba litamweka mtu juu ya maji hata akiwa amechoka. Ya pili ni nyembamba, humkinga mchezaji na pigo la maji anapoanguka kutoka juu, na uwezo wake wa kumwelesha ni mdogo. Kijitabu tulichopewa kiliziita zote mbili "jaketi". Mfasiri hakuwa na nia mbaya. Aliona vazi, akaandika vazi. Lakini mzazi atakayesoma kijitabu hicho atamnunulia mwanawe ile iliyo nyembamba na nafuu kuvaa, akiamini ametimiza sharti. Kwa hiyo tunasisitiza kwamba neno "jaketi" lisitumike kabisa kwa nguo ya pili. Iitwe *kizibao cha kukinga pigo*, na mwanagenzi aambiwe kinagaubaga kwamba kizibao hakiokoi maisha.

Kuhusu mguu wa mbele, Kiingereza kina jina la heshima kwa anayetanguliza mguu wa kushoto, na jina la dhihaka kwa anayetanguliza wa kulia. Kiswahili hakina sababu ya kumtukana mtu kwa mguu wake. *Kushoto mbele* na *kulia mbele* yatosha. Ili kujua yeye ni wa upande gani, mwanafunzi husimama wima nchi kavu, kisha mwenzake humsukuma kidogo kwa nyuma bila kumwonya. Mguu utakaotoka kumzuia asianguke ndio wa mbele. Jambo hili halifuati mkono anaoandikia.

Kuvuta na kukokotwa

Sasa tufike kwenye kiini cha somo, na cha kosa la ukurasa wa nne.

Mwanagenzi huanzia ndani ya maji, jaketi likimwelesha chali, ubao ukiwa miguuni. Hukunja magoti hadi kifuani, mikono akiinyoosha nje ya magoti na kushika kishikio. Ubao hukaa kwa ubavu mbele yake, umekingama kamba, ukingo wake mmoja ukichungulia juu ya maji. Boti husogea polepole mpaka kamba iliyolegea ikaze. Kisha dereva huongeza mwendo kwa upole. Maji husukuma uso wa chini wa ubao, na ubao husukuma nyayo za mchezaji. Akiendelea kujikunja, visigino vikikaribia makalio, ubao hupanda wenyewe na kulala juu ya maji, naye hujikuta amechutama juu yake. Hapo tu ndipo anapoweza kunyoosha magoti, taratibu, huku akiuacha mguu wa mbele uelekee boti.

Msomaji atazame ni nani anayefanya kazi. Boti inakokota. Maji yanasukuma. Mwanagenzi anatakiwa kubaki kama alivyo. Lakini lugha ya mafunzo hupenda kumpa mwanafunzi vitenzi vya kutenda: vuta, inua, simama, kaza. Kila kitenzi cha namna hiyo humharibia. Akivuta kamba, viwiko hukunjika, kamba hulegea kitambo, kisha hukaza ghafla na kumtupa. Akisimama mapema, uso wa ubao husimama pamoja naye na kuwa ukuta mbele ya maji. Hakuna mkono wa mwanadamu unaoweza kuushinda ukuta huo.

Kwa bahati njema Kiswahili kina kauli ya kutendwa iliyo hai, ambayo mtoto wa miaka mitatu anaitumia bila kufundishwa. Tunapendekeza kwamba katika maandishi ya mchezo huu "vuta" liwe tendo la mikono ya mtu, na "kokota" liwe tendo la boti peke yake. Mwalimu ataweza kusema kwa maneno matatu jambo ambalo kijitabu kilishindwa kulisema kwa aya nzima: *usivute, kokotwa tu*. Mtu atasema kwamba amri katika kauli ya kutendwa si ya kawaida. Si ya kawaida, naam, lakini twasema "ongozwa na moyo wako" na hakuna anayeshangaa.

Hali kadhalika kichwa cha habari cha ukurasa huo, "Jinsi ya kusimama", kiliondolewa. Kusimama ni hatua ya mwisho, na kukiweka juu ya ukurasa ni kumwalika msomaji akianzie hapo. Lugha yetu ina vitenzi vinne vinavyozifuata hatua nne bila kuongezwa neno geni hata moja. Kwanza *kujikunyata*, kama mtu aliyeshikwa na baridi. Ndivyo mwanagenzi anavyokaa majini. Pili *kuibuka*, ambalo tangu hapo ni neno la majini. Tatu *kuchutama*. Nne *kusimama*. Walimu waliojaribu mpango huu nchi kavu, mwanafunzi akiwa ameketi juu ya majani na mwenzake akimvuta kwa kishikio, watatambua kwamba hatua ya pili na ya tatu hutokea zenyewe iwapo ya kwanza haikuvunjwa. Zoezi hilo la nchi kavu lirudiwe mara nyingi. Halina gharama, na nusu ya maanguko ya siku ya kwanza yangeweza kubaki kwenye majani.

Mwendo wa boti kwa anayeanza ni kilomita 24 hadi 29 kwa saa. Mafundi huenda 35 na zaidi. Haifai kuandika "mwendo wa wastani", kama alivyoandika mfasiri wetu, maana wastani wa dereva wa boti ni jambo jingine kabisa.

Akishasimama, kishikio kikae chini karibu na nyonga ya mbele, magoti yabaki na ulegevu, macho yatazame boti. Atazamaye ubao wake huanguka juu ya ubao wake. Mwanzoni uzito uegemee mguu wa nyuma kidogo ili omo isizame. Baadaye ugawanywe sawa.

Dole, shingo na sauti ipoteayo

Mchezaji yuko mita 15 nyuma ya injini inayonguruma. Hasikiki, wala yeye hasikii. Ndiyo maana ziko ishara za mikono zinazotumika karibu ulimwenguni kote, na ndiyo maana ndani ya boti panahitajika mtu wa pili, *mwangalizi*, ambaye kazi yake ni kumtazama mchezaji huku dereva akitazama mbele. Katika majimbo mengi ya Marekani sheria hudai awepo, ingawa baadhi hukubali kioo cha kutazamia nyuma badala yake.

Ishara nazo ni lugha, na zataka kufasiriwa kwa uangalifu kuliko maneno. Kwetu, mtu akiinua dole gumba amesema mambo ni mazuri, watu husema "dole!" hata bila kuinua kidole. Katika mchezo huu dole gumba juu ni agizo: ongeza mwendo. Likielekezwa chini: punguza. Sasa mfikirie mwanagenzi wa Tanga au wa Unguja, ambaye kwa mara ya kwanza ameibuka na kusimama. Mwangalizi anamtazama kwa wasiwasi. Kijana anafurahi, anainua dole kumjulisha kuwa yu salama, na boti inamjibu kwa kuongeza kasi. Anashangaa, anainua dole tena kwa nguvu zaidi. Kijitabu kilikuwa na picha ya dole na chini yake neno "juu". Sisi tuliandika: "Dole juu maana yake ONGEZA MWENDO. Si salamu, wala si sifa." Kwa hali njema ishara ni duara la kidole gumba na cha shahada. Baada ya kuanguka, mchezaji aliye mzima hufumbata mikono juu ya kichwa, na asiyefanya hivyo huhesabiwa kuwa ameumia mpaka ijulikane vingine. Kupapasa kichwa ni kuomba kurudishwa gatini. Kupitisha mkono shingoni ni "zima injini", ingawa kwetu ishara hiyo ina sifa mbaya, na tuliona vema kuieleza kwa maandishi ili mgeni asidhani anatishwa.

Sauti hutumika boti inapokuwa karibu. Hapa tulijifunza jambo ambalo huenda likawafaa hata wanaotafsiri maelezo ya vivuko, viwanda na zimamoto. Kijitabu kilimtaka mwalimu apige kelele "Achia!" mwanafunzi anapoanguka, na "Usiachie!" boti inapoondoka. Katika Kiingereza maagizo hayo mawili hayafanani. Katika Kiswahili yanatofautiana kwa kiambishi cha mwanzo na irabu ya mwisho tu, na upepo humeza mwanzo wa neno kabla ya mwisho wake. Anayesikia "...achie!" hajui afanye lipi. Kukanusha kwetu kumo ndani ya kitenzi, mbele, mahali pa silabi isiyo na mkazo. Basi amri za hatari zisijengwe kwa "usi-" hata kidogo. Tuliweka "Shika!" kwa kuondoka na "Achia!" kwa kuanguka, vitenzi viwili mbalimbali, vyenye irabu mbalimbali. Kwa njia hiyo hiyo "Usisimame!" likawa "Chutama!".

Na kuachia ni jambo la kufundishwa, si la kudhaniwa. Mwanagenzi hudhani kamba ni mwokozi wake, huing'ang'ania hata akiwa amekwisha kuanguka, naye hukokotwa chini ya maji. Jaketi ndilo mwokozi. Kamba iachiwe mara tu mtu anapojua kwamba ameshindwa.

Boti inapomrudia, injini izimwe kabisa kabla hajaukaribia mwili wa chombo. Kuiacha ikinguruma bila gia hakutoshi, kwa sababu rafadha yaweza kuendelea kuzunguka. Wala asining'inie tezi kwa mapumziko injini ikiwaka. Moshi wake una monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na harufu wala rangi, nayo imeua watu waliodhani wanapunga upepo.

Kingo mbili, na yaliyobaki

Ubao una *kingo* mbili zinazofanya kazi: *ukingo wa vidole*, upande anaoelekea mchezaji, na *ukingo wa kisigino*, upande wa mgongo wake. Hatutumii "makali", ingawa kwa sura lingefaa, kwa kuwa hakuna anayekatwa. Ili kwenda kulia au kushoto mchezaji *huulaza* ubao ukingoni, kama vile mabaharia wasemavyo kwamba chombo kimelala upande. Tulikuta "kuchonga maji". Likafutwa, maana ni Kiingereza kilichovishwa kanzu. Aanze kwa ukingo wa kisigino, kwa kujiegemeza nyuma kana kwamba anaketi kitini, maana boti inabaki mbele ya macho yake na mizani ni rahisi kuishika. Ukingo wa vidole hufuata, akibonyea mbele kwa magoti na vifundo vya miguu, pasipo kuinama kiunoni.

Hatari ni pale ukingo usiokusudiwa unapoingia majini. Ubao hukwama papo hapo, mtu huendelea. Ni anguko kali kuliko yote ya mwanagenzi, tena hutokea ghafla katika maji laini, wakati anapostarehe. Tumeliita *kuuma maji*: "ukingo wa vidole umeuma". Jina hili lina faida kwamba mwalimu anaweza kuonya kwa neno moja, nalo linaeleza sababu. Dawa yake ni kutouacha ubao ukae bapa kabisa kwa muda mrefu. Daima ulale kidogo upande mmoja unaojulikana.

Kwa mazoezi yatafutwe maji shwari. Watu wa pwani watachagua asubuhi kabla ya upepo kuamka, na siku za maji mafu kuliko bamvua, na mahali penye kina kupita kimo cha mtu, mbali na miamba na nyavu.

Baada ya hapo mwanagenzi huvuka wimbi, kwanza kutoka uwanja wa ndani kwenda wa nje kwa magoti laini, kisha kurudi, ambako ni kugumu zaidi. Mwishowe hutaka kuondoka juu ya wimbi hewani. Kwa tendo hilo tuna "kuruka" na "kuchupa", na jopo dogo lililotusaidia halikuafikiana. Wa bara walipendelea kuruka. Wa pwani walisema kuruka ni kwa ndege na kuchupa ni kwa mtu aingiaye majini, na kwa kuwa mchezaji huyu lazima atarudi majini, neno ni kuchupa. Katika kijitabu tumeandika kuruka, na upande wa pili bado hawajatusamehe.